Mwongozo wa Kutajirika kwa Picha ya Mchezaji Mstaafu, Toleo la Ufipa

Pita kwenye maegesho ya bodaboda pale Sumbawanga mjini, hutakosa kuiona kofia yenye herufi N na Y zilizolaliana. Aliyeivaa hajui kwamba hiyo ni nembo ya New York Yankees, timu ya besiboli, na wala hana haja ya kujua. Aliichagua kwenye belo la mitumba kwa sababu jua la Ufipa ni kali na kofia yenyewe ilikuwa buku mbili.

Agosti 2022, huko Marekani, kadi ya mchezaji wa timu hiyohiyo, marehemu Mickey Mantle, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Ni kipande cha karatasi ngumu kinachojaa kiganjani, kilichochapwa mwaka 1952: mbele kuna sura ya kijana na gongo lake begani, nyuma kuna maelezo na takwimu zake. Kwa viwango vya mwaka 2022, fedha hizo zinakaribia shilingi bilioni 29. Mkulima wa Laela akiuza gunia la mahindi kwa shilingi 70,000, itambidi apeleke sokoni magunia zaidi ya laki nne ndipo alingane na kipande hicho, na bado atakatwa ushuru.

Hapo mtu mwenye akili timamu atauliza: sisi tumekwama wapi? Wachezaji wastaafu tunao, wengine tunapanga nao foleni ya maji. Karatasi tunazo. Ubishi wa mpira tunao wa kutosha kuuza nje ya nchi. Kilichokosekana ni utaratibu, na mwongozo huu umekuja kuziba pengo hilo. Ufuate hatua kwa hatua, usiruke hata moja, na usiache kulima.

Mahitaji

Picha moja ya mchezaji aliyestaafu. Mahali pakavu pasipo panya. Subira ya miaka 40 hadi 70. Ndugu wasio na tabia ya kufanya usafi mkubwa wa nyumba wakati haupo. Ukikosa hicho cha mwisho, ishia hapa.

Hatua ya kwanza: Chagua mchezaji ambaye hawezi tena kukuangusha

Mchezaji anayeendelea kucheza ni mali ya hatari. Leo anafunga, kesho anavunjika goti, keshokutwa anahamia kwa watani wa jadi na wewe unaigeuza picha yake itazame ukuta. Mstaafu ametulia. Mabao yake yamehesabiwa yakaisha, hakuna la kuongeza wala la kupunguza, na ndiyo maana wenye fedha humpenda.

Wamarekani jambo hili wameliwekea taratibu. Mchezaji akistaafu husubiri miaka mitano kabla jina lake halijapigiwa kura ya kuingia kwenye Jumba la Mashujaa la besiboli, katika mji mdogo wa Cooperstown. Wapigakura ni waandishi wa habari za michezo, na anayetaka kuingia lazima apate asilimia 75. Ken Griffey Jr. aliingia mwaka 2016 kwa asilimia 99.3. Barry Bonds, aliyepiga mipira 762 ikavuka uzio, idadi ambayo hakuna mwingine katika ligi yao aliyeifikia, alipigiwa kura miaka 10 mfululizo akabaki mlangoni kwa sababu ya tuhuma za dawa za kuongeza nguvu. Bei za kadi zake zinabeba tuhuma hizo mpaka leo. Kumbe mnunuzi hanunui mabao peke yake. Ananunua na hukumu.

Sisi Jumba letu la Mashujaa ni kijiwe cha kahawa. Kura hupigwa kila jioni, na mpigakura halazimiki kuwa aliiona mechi. Chukua bao la Peter Tino kule Ndola mwaka 1979, lililoipeleka Taifa Stars kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za 1980 nchini Nigeria. Tulirudi kwenye fainali hizo mwaka 2019. Maana yake bao lile lilikaa karibu miaka 40 bila mpinzani, na kila mwaka vijiweni lilisogezwa nyuma hatua kadhaa. Kwa mwendo huo, wajukuu wetu wataambiwa lilipigwa kutoka Tunduma.

Hili lisikuvunje moyo. Chumvi ni dalili kwamba mahitaji ya soko yapo. Shida ni kwamba chumvi haiuziki mnadani bila kitu cha kushika mkononi.

Hatua ya pili: Mpate akiwa bado hajulikani

Kanuni ya pili ya wakusanyaji ni kwamba kadi ya mwaka wa kwanza wa mchezaji huzishinda bei kadi zake nyingine. Mwaka 1989 kampuni mpya ya Upper Deck ilichapa toleo lake la kwanza, na kadi namba moja ikampa kijana Griffey kabla hajacheza mechi hata moja ya ligi kuu. Katika picha waliyoitumia alikuwa amevaa kofia ya timu ya madaraja ya chini, kwa hiyo mafundi wakaipaka rangi kofia hiyo mpaka ikafanana na ya Seattle Mariners. Yaani kadi iliyotamaniwa na watoto wa kizazi kizima ilianza na kofia ya kupakwa. Mafundi wa studio zetu wasijidharau.

Kama ilivyo kwa kanuni zote za watu wenye fedha, hii nayo huvunjwa na mkubwa wao. Ile kadi ya Mantle ya dola milioni 12.6 si ya kwanza kwake. Ya kwanza ilitolewa na kampuni ya Bowman mwaka 1951, na haiifikii mdogo wake hata kwa mbali. Ukiuliza sababu utapewa maelezo marefu. Ufupisho wake ni kwamba toleo la 1952 la kampuni ya Topps lilikuwa kubwa na la kupendeza zaidi, na watu walikubaliana kulipenda. Kukubaliana huko ndiko kunakolipiwa.

Kwa mazingira yetu, kadi ya kwanza ya mwanasoka wa Ufipa ni ile picha ya pasipoti iliyobandikwa kwenye fomu ya UMITASHUMTA: shati la kuazima, macho yametolewa kama ya mtu anayesomewa mashtaka, masikio yote mawili yanaonekana kwa amri ya mpigapicha. Itafute sasa hivi. Usiitafute kwenye kabati la shule. Itafute kwa muuza karanga.

Na kama shabaha yako ni besiboli yenyewe, usidhani imetupita mbali. Mwaka 2022 vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, walisaini mkataba na Los Angeles Dodgers. Ukimwona kijana anayelinda shamba la ulezi akiwarushia ndege mawe na hakosi, mpige picha leo hii, kabla wakala hajafika.

Hatua ya tatu: Hakikisha wenzako wametupa za kwao

Hapa ndipo penye siri, kwa hiyo soma polepole. Kadi haipandi bei kwa sababu wewe uliitunza. Inapanda kwa sababu wengine hawakutunza zao.

Kadi ya Honus Wagner ilitolewa na kampuni ya tumbaku kati ya 1909 na 1911, ikiwa ndani ya pakiti za sigara. Uchapaji wake ulisimamishwa mapema. Wengine husema Wagner hakutaka watoto wanunue sigara ili wapate sura yake, wengine husema hakuridhika na malipo. Vyovyote iwavyo, zinazojulikana kuwepo duniani hazifiki mia moja, na mojawapo iliuzwa mwaka 2021 kwa dola milioni 6.6.

Ya Mantle ina kisa kitamu zaidi. Kampuni ya Topps, wale waliotuletea bazoka, ilikuwa ikiuza kadi pamoja na ubani wa kutafuna. Mwaka 1952 fungu la mwisho la kadi, lenye Mantle ndani yake, lilitoka msimu ukielekea ukingoni, na maduka hayakulitaka. Makasha yakalala ghalani miaka kadhaa. Sy Berger, mtu aliyelibuni toleo lile, alisimulia mwenyewe kwamba mnamo 1960 aliyapakia kwenye tishari akaenda kuyamwaga baharini Atlantiki. Kilichobaki mikononi mwa watoto kikashughulikiwa na mama zao: kijana akienda jeshini au chuoni, mama anafagia chumba, kasha la kadi linakwenda jalalani. Bila akina mama hao hakuna tajiri wa kadi hata mmoja Marekani, na hakuna aliyewapa asilimia.

Kufikia miaka ya 1980 kila Mmarekani alikuwa amesikia habari za utajiri huu. Wakaanza kununua kadi kwa makasha, kuzifunika kwa plastiki, kuwatunzia watoto karo ya chuo. Kampuni nazo zikachapa usiku na mchana. Matokeo yake, kadi za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa ile ya 1990 zimejaa kwenye stoo za watu, safi kabisa, na nyingi hazifiki bei ya plastiki iliyozifunika. Mkulima wa Ufipa hahitaji profesa wa kumweleza hili. Rukwa nzima ikivuna mahindi kwa pamoja, Julai dalali anakuja na bei yake mfukoni. Februari, vihenge vikibaki vumbi, debe lilelile linaheshimiwa. Tofauti ni kwamba Topps walifanya lile ambalo mkulima hulitamani usiku na kulitubu asubuhi: walizamisha mavuno.

Unaweza kuwaiga. Kusanya nakala zote za picha ya mchezaji wako, bakiza moja, panda gari la kwenda Kasanga, tafuta mtumbwi, kazitose. Ziwa Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400, halirudishi kitu kwa urahisi. Ila utagundua tatizo kabla hujalipa nauli, kwamba nakala za kutosa hazipo. Picha ilikuwa moja, ikaazimwa na shemeji. Katika uhaba, mkoa wetu hauna mpinzani duniani, na tumeupata bila kumwaga chochote baharini.

Hatua ya nne: Mchezaji wako awe wa mji mkubwa

Stan Musial wa St. Louis alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake mara tatu, sawasawa na Mantle. Alikuwa bingwa wa kupiga mara saba. Kwa bei za kadi, Mantle anamwacha mbali kabisa. Kosa la Musial ni kwamba hakucheza New York, ambako wako wenye magazeti, wenye televisheni na wenye fedha, na aghalabu ni watu walewale.

Kwetu New York ni Kariakoo. Mchezaji anaweza kuichezea timu ya mkoa misimu kumi, akafunga kwa kichwa, kwa goti na kwa kisigino, na akabaki "yule kijana mrefu wa Rukwa". Akivaa jezi ya Simba au Yanga nusu saa, akapewa kadi nyekundu, anakuwa mchezaji wa zamani wa Simba au Yanga mpaka siku ya msiba wake.

Hata hivyo Sumbawanga ina hazina moja ambayo mji mkubwa hauwezi kutunyang'anya. Oktoba 2020, Tanzania Prisons, timu ya Mbeya iliyokuwa imehamishia mechi zake za nyumbani kwenye Uwanja wa Nelson Mandela, iliifunga Simba bao moja kwa bila, mfungaji Samson Mbangula. Simba ndio waliokuwa mabingwa watetezi, na msimu ule walichukua ubingwa tena, jambo linalolipa bao lile uzito zaidi. Tiketi ya siku ile ndiyo karatasi ya thamani kuliko zote za michezo katika nyanda hizi. Mkusanyaji chipukizi aitafute kwa adabu, kwa mfano hivi:

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri babu. Eti siku Prisons anamfunga Simba, ulikuwepo uwanjani?"

"Nisiwepo nimekwenda wapi? Nilikaa mbele kabisa. Mpira ulivyoingia niliusikia."

"Tiketi yako unayo bado?"

"Tiketi? Mbona unaniuliza kama mtu wa mapato? Niliwashia sigara palepale, furaha ilizidi."

Usikate tamaa. Nenda kwa babu anayefuata. Kwa idadi ya wazee watakaokwambia walikaa mbele kabisa, utafahamu kwamba uwanja ule ulikuwa na mstari wa mbele tu.

Hatua ya tano: Pima hali ya karatasi

Marekani zipo kampuni ambazo kazi yake ni kuitazama kadi na kuipa alama, kuanzia moja hadi 10. Hutazama pembe kama zimechakaa, kingo kama zimechanika, uso kama umekwaruzwa, na picha kama imekaa katikati. Kisha kadi hufungiwa ndani ya plastiki ngumu isiguswe tena na binadamu. Mantle yule wa bilioni 29 alipata 9.5. Nusu alama inaweza kuwa bei ya nyumba, na kadi ileile, mchezaji yuleyule, ikiwa na mkunjo katikati hugeuka kitu cha kawaida.

Vipimo vyao havitufai, kwa hiyo hapa pana vya kwetu:

Alama 10: Haijawahi kuonwa na mtu yeyote. Kwa hiyo huna.

Alama 8: Ilihifadhiwa ndani ya Biblia kubwa ya bibi, kwenye kitabu ambacho hakisomwi sana. Mambo ya Walawi hutunza vizuri.

Alama 6: Imepigwa laminesheni stesheneri, na ndani kuna povu la hewa lililotua juu ya uso wa kipa. Huku tunaita kutunza. Mnunuzi wa Marekani ataita kuua, kwa sababu kilichogandishwa hakivuki tena salama.

Alama 4: Ilikaa ukutani kwenye fremu, jirani na jiko la mkaa. Timu zote mbili zinaonekana zimevaa jezi za kahawia.

Alama 2: Ilibandikwa saluni ya kunyoa kwa uji wa sembe. Ukiibandua unabandua na Wizara ya Afya iliyo chini yake.

Alama 1: Mchwa wamekula kichwa na kiwiliwili, wakabakiza miguu. Kwa mwanasoka hilo si baya sana.

Neno la faraja: nyanda zetu zina mwinuko wa karibu mita 1,800, na kuanzia Mei mpaka Oktoba kunakuwa na ubaridi na ukavu ambao watunza karatasi wengine huulipia umeme. Tatizo huanza Novemba, paa linapokumbuka matobo yake.

Hatua ya sita: Ombea kosa la kiwandani

Mwaka 1989 kampuni ya Fleer ilichapa kadi ya Billy Ripken akiwa ameshika gongo ambalo kitako chake kilikuwa kimeandikwa tusi zito. Hakuna mhariri aliyeona. Kadi zikaingia madukani, watoto wakaona, kampuni ikahaha kulifuta: mara kwa kisanduku cheusi, mara kwa rangi nyeupe, mara kwa kulichorachora. Kadi yenye tusi ikawa ghali kuliko ya kaka yake, Cal Ripken, ya toleo lilelile, ambaye alicheza mechi 2,632 mfululizo bila kukosa na akaingia Jumba la Mashujaa. Heshima ya maisha yote imeshindwa na kitako cha gongo.

Usijaribu kuhamishia hekima hii kwenye jezi za mnadani. Kwetu jezi ya Ronaldinho huandikwa kwa namna nyingi, na zote zina makosa. Kosa hupata bei pale tu usahihi unapokuwa ndiyo kawaida. Ukipata jezi ya mnadani ambayo jina limeandikwa sawasawa, hiyo ndiyo ya kuficha.

Hatua ya saba: Wembe uuache kwa kinyozi

Kadi mashuhuri kuliko zote za Wagner iliwahi kumilikiwa na Wayne Gretzky, mfalme wa mpira wa magongo wa barafuni. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza kabisa kupewa alama na kampuni ya PSA, mwaka 1991, na ikapata nane, alama ya ajabu kwa karatasi ya umri ule. Mwaka 2007 iliuzwa dola milioni 2.8. Pembe zake zilikuwa kali na kingo zimenyooka. Mwaka 2013 dalali maarufu wa minada, Bill Mastro, alikiri mahakamani kwamba ndiye aliyeipunguza kingo zake, na mwaka 2015 akahukumiwa kifungo cha miezi 20 kwa udanganyifu katika minada. Jambo la kutafakari ni kwamba kadi yenyewe haikugeuka takataka. Imepata kisa, na kisa nacho kina bei.

Sahihi nazo zilikuwa na msiba wake. Miaka ya 1990 makachero wa FBI walifumua mitandao iliyokuwa ikiandika majina ya nyota kwenye mipira na picha kwa wingi ambao nyota wenyewe wasingeuweza hata wangeacha kula. Ndipo ikaonekana kwamba karatasi peke yake haisemi kitu. Lazima awepo mtu anayeaminika wa kusema: huyu ni yeye, nami nilikuwepo.

Hatua ya nane: Tafuta mnunuzi aliyewahi kuwa mtoto

Anayelipa mamilioni kwa kadi ya 1952 hanunui karatasi. Ni mtu aliyekuwa na miaka tisa mwaka ule, akaipoteza, akakua, akapata fedha, na sasa anataka kurudishiwa alichonyimwa na ufagio wa mama. Bei za kadi za kale zilipaa miaka ya 1980, watoto wale walipofika umri wa kuwa na mshahara mnono na upara. Aliyeiuza kadi ya bilioni 29 aliinunua mwaka 1991 kwa dola 50,000, na wakati huo wapo waliomwona hana akili.

Sasa mtazame mtoto wa Sumbawanga wa mwaka 1979. Simba ilifungwa nne bila na Mufulira Wanderers Dar es Salaam, ikaenda Lusaka ikashinda tano bila, na mtoto huyu aliyapata hayo redioni, antena imeunganishwa na kijiko. Leo ana miaka hamsini na kitu. Huenda ana fedha, au angekuwa nazo kama si ada na bati. Hamu anayo. Lakini bazoka aliyotafuna haikuwa na sura ya mchezaji wa Simba ndani yake. Mashujaa wake aliwajua kwa sauti ya mtangazaji, sura akajitungia mwenyewe, na bila shaka alikosea. Mtu wa namna hii huwezi kumuuzia alichopoteza, kwa sababu hakuwahi kupewa.

Jumlisha sasa. Bei ya kadi inataka uhaba, kumbukumbu ya pamoja, ushahidi, na mtu mwenye fedha. Uhaba tunao wa kugawa. Kumbukumbu tunayo na ziada ya chumvi. Mwenye fedha anaweza kutokea, watu hutajirika kwa njia nyingi, wengine hata kwa kilimo. Kilichobaki ni ushahidi, na huo hauhitaji kiwanda.

Hatua ya tisa: Nunua peni

Katika kadi ya Marekani, mwiko mkubwa ni wino. Mtoto akiandika jina lake nyuma ya Mantle, amemfukuza mnunuzi. Kwetu kinyume chake ndicho sahihi.

Bila shaka unaijua picha ninayoisema, maana imo karibu katika kila ukoo kuanzia Matai hadi Kirando. Wanaume kumi na mmoja, waliosimama wamekunja mikono kifuani, waliochuchumaa wameweka mikono magotini, nahodha katikati na mpira, na mwaka umeandikwa kwa chaki kwenye mpira huo. Jezi hazilingani. Mmoja hana viatu na ndiye anayetisha kuliko wote. Geuza nyuma: pametakata kabisa. Wa tatu kutoka kushoto ni nani? Mwenye nyumba anajua mmoja tu, baba yake, na hata yeye alicheza namba ngapi ni ubishi.

Kwa hiyo peni. Kaa na mzee mmoja aliye hai kati ya wale kumi na mmoja. Mpe chai, usimharakishe, na akisema alifunga mabao sita siku moja usibishe, andika mawili. Andika nyuma ya picha, bila kukandamiza, kutoka kushoto kwenda kulia: jina kamili, namba aliyocheza, timu, uwanja, mwaka. Andika na waliokufa. Andika jina la mpigapicha kama yupo anayelikumbuka, maana hao husahaulika kabla ya wote. Pale mzee anapokwama, usijaze kwa kubuni. Uliza golikipa anaishi wapi siku hizi, kwa kuwa golikipa alikuwa akiwatazama wenzake wote migongo dakika tisini, na hajasahau hata mmoja aliyemwachia mshambuliaji.

Ukimaliza, weka bei. Anza na bilioni 29, kushuka ni rahisi kuliko kupanda. Mnunuzi akicheka, mpunguzie. Akiondoka, mwite, mpunguzie tena. Ila usishuke chini ya nauli ya kwenda Namanyere na kurudi, kwa sababu huko ndiko ulikomfuata golikipa kumuuliza jina la beki wake wa kushoto.